Maji, Theluji na Kaskazi: Suala la Haki katika Kuoanisha Vitabu vya Picha kwa Watoto wa Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Miongoni mwa vitabu vya picha vinavyomfikia mtoto wa pwani ya Malindi na Kilifi, hasa vile vinavyoletwa kwa njia ya msaada kutoka Ulaya na Marekani, havikosi vitabu vya majira ya baridi. Ndani yake mna watoto waliovaa makoti mazito na glavu, miti iliyopukutika majani, mapaa yaliyofunikwa na weupe, na mtu aliyefinyangwa kwa theluji akavishwa kofia. Mtoto anayevifunua vitabu hivyo huketi katika darasa ambalo madirisha yake yameachwa wazi ili upepo upite. Walimu na wataalamu wa malezi wanapovijadili, aghalabu huuliza swali la mbinu: vitumiwe vipi ili vikuze msamiati wa mtoto? Jibu mojawapo ni kuvioanisha, yaani kusoma vitabu viwili vinavyohusu jambo moja, ili maneno ya kitabu cha kwanza yarudiwe na kutiwa nguvu na ya kitabu cha pili.

Makala haya hayana ugomvi na mbinu hiyo. Yanachodai ni kwamba nyuma ya swali la mbinu limejificha swali la maadili, nalo halijashughulikiwa vya kutosha na wahakiki wa fasihi ya watoto. Je, mtoto anadaiwa maneno gani kwanza, na ni nani mwenye deni hilo? Kumpa neno la kitu asichopata kukiona, ni kumtajirisha au ni kumfanya mgeni katika nyumba yake mwenyewe? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba neno geni halimdhulumu mtoto kwa ugeni wake. Humdhulumu linapokuja peke yake, pasipo neno la kwao la kulipokea. Kwa hiyo kuoanisha vitabu ni tendo la haki kabla ya kuwa mbinu ya kufundishia, na haki hiyo ina masharti yake.

Neno pasipo kitu

Falsafa ya lugha ya karne ya 20 ina mjadala uliozuka juu ya neno la kawaida kabisa: jibini. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alishikilia kwamba hakuna awezaye kulielewa neno hilo asipokuwa na ujuzi wa jibini lenyewe, ujuzi usiotokana na lugha. Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1959 kuhusu vipengele vya kiisimu vya tafsiri, alimpinga. Kwake yeye, maana ya neno hufafanuliwa kwa maneno mengine. Anayejua kwamba jibini ni chakula kinachotengenezwa kwa maziwa yaliyoganda na kukandamizwa aweza kulielewa neno hilo hata kama hajapata kulionja, mradi ajue maziwa yaliyoganda ni nini.

Ikiwa Russell ndiye msema kweli, basi kumfundisha mtoto wa Mayungu au wa Ngomeni neno theluji ni kumjaza kinywa kwa sauti tupu. Ikiwa Jakobson ndiye msema kweli, basi uzito wote wa jambo unalala juu ya lile sharti dogo, kwamba mtoto awe na neno jingine analolimiliki, ambalo kwalo atalifikia neno asilolimiliki.

Pwani yenyewe ilikwisha kuutolea mjadala huu ushahidi kabla haujaanza. Neno theluji limetokana na neno la Kiarabu thalj. Neno barafu nalo limetokana na Kiajemi, ambako barf ndiyo theluji yenyewe. Thalj ni neno lililomo katika dua ya sala ya maiti iliyopokewa katika Hadithi za Mtume, ambamo marehemu huombewa aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Kwa hiyo katika misikiti ya Malindi, ya Mambrui na ya Takaungu neno hili limetamkwa na watu ambao wengi wao hawakupata kugusa chembe moja ya theluji, tena limetamkwa katika saa nzito ya kumuaga mfu wao. Hapana awezaye kudai kwamba kwao neno hilo halikuwa na maana. Lilikuwa na maana ya usafi upitao usafi wa kawaida, na ya ubaridi unaotuliza.

Jambo la kuzingatiwa ni mpangilio wa dua hiyo. Maji ndiyo yanayotangulia. Kinachojulikana kwa kila mtu, kilichotekwa kisimani asubuhi hiyo hiyo ili maiti aoshwe, ndicho kinachokishika mkono kisichojulikana na kukileta mbele ya waumini. Theluji haikuingia pwani peke yake. Iliingia ikiwa imeongozwa na maji. Huu ndio uoanishaji ulio bora, na haukubuniwa na mtaalamu yeyote wa mitaala.

Fasihi simulizi ya watoto ina utaratibu wa namna hiyo hiyo. Mtoto anapoambiwa kwamba kuna nyumba isiyo na mlango, akatakiwa ataje yai, amepewa kitu anachokijua ili akione upya kitu kingine. Kitendawili ni jozi. Upande mmoja umewekwa wazi, na upande wa pili umeachiwa akili ya mtoto. Jamii iliyowalea watoto wake kwa utaratibu huo haihitaji kufunzwa kwamba maneno hukua yakiwa mawili mawili. Inachohitaji ni kukumbushwa kwamba sheria hiyo haikomi pale kitabu kilichochapwa ng'ambo kinapofunguliwa.

Baridi ya Rabai

Historia ya neno hili katika eneo linalohusika ina tukio moja ambalo halina budi kuelezwa, kwa sababu linaonyesha kwamba suala la theluji na pwani si la juzi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka katika kituo chake cha Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe uliofunika kilele chake. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule baridi tu. Rebmann akaamua kwamba kilichokuwa mbele yake hakikuwa kingine ila theluji. Taarifa yake ilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London aliikataa, akaendelea kuikataa kwa miaka mingi. Ilibidi isubiriwe misafara ya Karl Klaus von der Decken ya miaka 1861 na 1862 ndipo ushahidi wa Rebmann ukakubalika kwa wengi.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mtu aliyejua jina la kitu na mwenzake asiyelijua. Ukikitazama kwa jicho la mhakiki wa msamiati, watu wake ni watatu. Cooley alikuwa na neno, alikuwa na vitabu tele, na theluji yenyewe aliiona kila mwaka mlangoni pake. Lakini hakuwa tayari kuamini kwamba neno lake laweza kuishi kwa watu wengine, karibu na mstari wa ikweta. Kiongozi wa njia hakuwa na neno maalumu, lakini alichokisema kilikuwa kweli tupu, kwani alikitaja kitu kwa tendo lake juu ya mwili wa binadamu. Rebmann alisimama baina yao, naye aliweza kuielewa theluji ya Afrika kwa sababu alikuwa na vitu viwili kwa pamoja: picha ya milima ya kwao na neno la mwenyeji wake.

Funzo la kisa hiki kwa mwalimu ni zito. Wingi wa maneno haukumsaidia Cooley. Lengo la kumjengea mtoto msamiati, basi, haliwezi kuwa idadi ya maneno anayoweza kuyataja akionyeshwa picha. Lengo lake ni kumwezesha kutoa ushahidi wa alichokiona yeye, akaaminiwa, na kupokea ushahidi wa wenzake walioona vingine. Msamiati unaotoka upande mmoja tu, hata uwe mpana namna gani, unaweza kuzaa Cooley mwingine; na mtoto wa pwani aliyefundishwa theluji bila kufundishwa kaskazi anaweza kuwa Cooley wa nchi yake mwenyewe.

Kaskazi, kusi na majira ya baridi

Pwani ya Malindi na Kilifi haina majira manne yanayochorwa katika vitabu vya Ulaya. Ina majira yanayotawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikawa shwari na wavuvi wakatoka nje ya miamba. Kusi hushika zamu kuanzia takriban Aprili, ikaja na mvua za masika, kisha na kipupwe cha katikati ya mwaka, na bahari huchafuka hata vyombo vidogo vikalazimika kubaki ndani ya miamba. Kusi inapoelekea ukingoni huja demani. Katika siku moja pia mna majina: upo umande utokao bara, na yapo matlai yatokayo mashariki. Hii ni kamusi nzima ya hewa, na mtoto aliyekulia mbali na vyombo vya bahari anaweza kuyasikia maneno yake mara chache mno.

Kamusi hiyo haikuwa pambo. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji huo, kusi ilikuwa imeanza. Alivuka hadi Bara Hindi katika muda usiofika mwezi mmoja. Aliporudi aling'oa nanga Oktoba, kabla kaskazi haijashika, akateseka baharini kwa muda wa takriban miezi mitatu huku mabaharia wake wengi wakifa kwa maradhi, hata akaifikia tena Malindi Januari 1499. Bahari ilikuwa ile ile na vyombo vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza ilifuata ujuzi uliokaa ndani ya neno kusi, na ya pili haikufuata.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Kaskazi si kinyume cha majira ya baridi. Ni zao lake. Bara la Asia linapoingia katika majira ya baridi, ardhi yake hupoa upesi kuliko bahari. Hewa baridi na nzito hulundikana juu yake, kisha husukumwa kuelekea kusini, ikavuka bahari na kuja kuvuma Malindi. Kusi nayo hupata nguvu wakati nusu ya kusini ya dunia iko katika majira yake ya baridi. Kwa hiyo mtoto anayerusha tiara ufukweni mwezi wa Januari anairusha kwa pumzi ya majira ambayo kwingineko yanaitwa ya theluji. Si hayo tu: katika miezi hiyo hiyo watalii wengi wa Ulaya, na hasa Waitaliano ambao wamefanya makao Malindi na Watamu, huikimbia baridi ya kwao na kuja kuota jua. Majira ya baridi humfikia mtoto huyo kwa upepo, na humfikia kwa wageni. Asichokuwa nacho ni kitabu kinachomwambia hivyo.

Masharti ya jozi iliyo ya haki

Si kila vitabu viwili vilivyowekwa pamoja vimeoanishwa. Kuweka kitabu cha theluji kando ya kitabu cha minazi, kwa kuwa kimoja ni cha kwao na kingine ni cha kwetu, ni kuweka mapambo mawili ukutani. Jozi ya haki hujengwa juu ya tukio moja linalopatikana pande zote mbili.

Kitabu cha Ezra Jack Keats, The Snowy Day, kilichotoka mwaka 1962 na kupewa Nishani ya Caldecott mwaka 1963, kinafaa kuwa mfano. Mhusika wake ni Peter, mtoto Mmarekani mweusi, anayetoka nje siku ya theluji, akatia donge la theluji mfukoni ili alihifadhi, na baadaye akaukuta mfuko mtupu. Tukio la kitabu hiki si theluji. Ni mtoto anayegundua kwamba kitu kizuri hakihifadhiki. Mtoto wa Kilifi analijua tukio hilo barabara. Amepata kununua barafu ya ukwaju akaikuta imeyeyuka kabla hajafika nyumbani. Ameona vipande vya barafu vilivyolazwa juu ya samaki vikigeuka maji. Amechota povu la wimbi likamtoka baina ya vidole. Hapo kuyeyuka si neno la kufundishwa, ni neno la kukumbushwa, na theluji inapokuja huikuta nafasi yake imekwisha kutandikwa. Rebmann naye alisikia kwamba kile kitu cheupe cha mlimani kikiteremshwa chini huwa maji. Mtoto hujifunza kwa njia ile ile iliyopitwa na walioishi chini ya mlima.

Kitabu cha Raymond Briggs, The Snowman, cha mwaka 1978, kina faida nyingine, kwani kimesimuliwa kwa picha pasipo maandishi. Kitabu kisicho na maneno hakina lugha ya bwana. Mwalimu aweza kukisimulia kwa Kiswahili au kwa Kigiryama, na watoto wakamsahihisha. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba lugha inayotawala katika eneo la shule itumike kufundishia madarasa matatu ya mwanzo, na vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vilivyotolewa na Taasisi ya Elimu ya Kenya vilikuwa na lengo kama hilo. Kitabu cha picha tupu hutoa nafasi ya kuitimiza nia hiyo hata pale ambapo kilichoko mkononi kimechapwa London.

Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani Rudine Sims Bishop alieleza kwamba vitabu vya watoto huweza kuwa vioo vya kujitazamia na madirisha ya kuwatazama wengine. Tashbihi hiyo imenukuliwa sana. Katika Kiswahili ina jambo la ziada, kwani neno kioo hutaja kile cha kujitazamia na kile kilichotiwa dirishani. Anayesimama mbele ya kioo cha dirisha wakati wa magharibi huiona nje, na juu ya nje hiyo huiona sura yake mwenyewe. Jozi ya haki ni kioo cha namna hiyo. Haimlazimishi mtoto achague baina ya kujiona na kuona.

Pingamizi mbili

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza litatoka kwa wenye wivu na utamaduni wao. Watasema: usiache mbachao kwa msala upitao, kwa nini mtoto asipewe kusi na demani tu, theluji ikaachiwa wenyewe? Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alionyesha jinsi mtoto aliyesomeshwa kwa lugha na taswira za wengine anavyofikia kujitazama akiwa nje ya nafsi yake. Onyo hilo ni la kweli. Lakini methali haikusema msala upitao usikaliwe. Imesema mbacha usiachwe. Tena theluji si ya wageni peke yao. Imo Kilimanjaro na imo Mlima Kenya, nayo inatoweka: zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro lililokuwako mwaka 1912 limekwisha kupotea. Mtoto wa Kilifi ana haki ya neno ambalo kwalo ataomboleza kitu cha kwao kinachopotea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huenda jozi yenyewe ikawa dhuluma iliyovaa joho la haki. Kama kusi inaletwa darasani ili tu theluji ieleweke, basi kusi imefanywa ngazi, na ngazi huachwa mara mtu afikapo juu. Mtoto atajifunza, bila kuambiwa, kwamba vya kwao ni vya kuanzia na vya wenzake ni vya kufikia. Tena, mtoto wa London haletewi kaskazi ili aielewe theluji yake. Mzigo wa kuoanisha umebebwa na upande mmoja.

Pingamizi hili halina jibu kamili, na haifai mhakiki ajifanye analo. Uoanishaji haufuti tofauti ya nguvu baina ya wachapishaji wa kaskazi ya dunia na wasomaji wa pwani. Lakini unaweza kuifanya tofauti hiyo ionekane na kusemeka. Mtoto aliyesoma vitabu viwili anaweza kuuliza kwa nini cha kwanza kina jalada gumu na rangi kumi, na cha pili ni karatasi zilizoshonwa na mwalimu. Mtoto aliyesoma kimoja hana njia ya kuuliza. Vilevile njia ya ngazi yaweza kugeuzwa: mwalimu asianze na kusi ili afike thelujini tu, bali aanze na theluji pia ili arudi kaskazi, mtoto afahamu kwamba upepo wa Januari una asili yake katika baridi ya mbali. Hapo theluji nayo imekuwa ngazi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la kitabu kipi kisomwe pamoja na kipi ni swali la nani anadaiwa nini. Mtoto anadaiwa jina la upepo unaompiga usoni, na anadaiwa pia jina la kitu kilicho mbali naye. Hakuna deni kati ya haya mawili linalolipwa kwa kusamehewa la pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo yataka awepo mwenyeji nyumbani. Aletaye kitabu cha theluji ametimiza nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni ya waandishi, wachoraji na wachapishaji wa Kiswahili, na ya idara za lugha zinazowafunza walimu; kwani vitabu vya picha vya kaskazi na kusi, vya demani na matlai, vingali vichache mno, na mwalimu hawezi kuoanisha kitabu kilichopo na kisichopo. Mpaka vitakapopatikana, karatasi zilizochorwa na watoto wenyewe na kushonwa kwa uzi ni kitabu cha pili kinachotosha kuanzia.

Yule kiongozi wa njia aliyetoka Rabai pamoja na Rebmann hakuwa na kitabu chochote cha picha. Alikuwa na neno moja la kwao, akaliweka mbele ya kitu kikubwa kuliko alivyopata kukifikia, na neno likatosha kwa hatua ya kwanza. Anayemfunza mtoto wa Kilifi theluji leo ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto huyo hasahau kusema baridi.